Kiitikio Hakipandi: Kutafuta Kosa la Ngoma Kutoka Sehemu Hadi Sehemu ya Wimbo

Ngoma za wimbo zikikusumbua, pale unaposikia tatizo mara nyingi sipo penye kosa. Kiitikio kinachosikika kidogo huwa kimebanwa na ubeti uliokitangulia. Mpito unaojikwaa huwa umegongana na neno la mwimbaji. Ndiyo maana hapa tunaanza na dalili, halafu tunarudi nyuma hadi kwenye chanzo, na hatuongezi pigo hata moja kabla ya kujua kosa liko wapi.

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Kiki ni ngoma kubwa ya kukanyaga. Snea ni ile yenye nyaya chini yake na mlio mkali. Haihati ni matoazi mawili yanayofungwa na kufunguliwa kwa mguu, raidi ni toazi la kushikilia mwendo, krashi ni toazi la kishindo, na tomu ni zile ngoma za kati na za chini zisizo na nyaya. Roli nitaiita ile michapo ya kuvukia kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Baa moja ya kawaida ina hesabu nne, na kila hesabu ina robo nne, kwa hiyo baa ina nafasi 16. Roland TR-808, mashine ya ngoma iliyotoka mwaka 1980, ilikuwa na safu ya vitufe 16, na programu nyingi za leo za kutengeneza muziki bado zinakupa visanduku 16 kwa baa.

Kipimo cha kwanza kabla ya kugusa chochote

Zima ala zote, bakiza ngoma na sauti ya mwimbaji. Cheza kuanzia baa mbili kabla ya mpaka wa sehemu hadi baa mbili baada yake. Kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika, baa moja ni sekunde 2, hivyo kipande chote ni sekunde 8. Kirudie mara kadhaa kwa sauti ya chini kabisa. Ukishusha sauti na badiliko likapotea, basi halikuwamo kwenye mpangilio. Lilikuwa linabebwa na ukubwa wa spika. Na kama tatizo lenyewe limetoweka ulipozima ala nyingine, ngoma hazina hatia: nenda ukatafute kwenye besi, gitaa au kinanda.

Kama sauti ya mwimbaji haijarekodiwa, weka hata ya kubahatisha, kwa simu ikibidi. Nasisitiza hili kwa sababu ngoma zisizo na sauti juu yake husikika tupu siku zote, na mtengenezaji hujikuta anajaza nafasi ambazo zilikuwa mali ya maneno.

Dalili: kiitikio kinafika, lakini hakipandi

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na karibu kila mtu hulijibu kwa kuongeza: krashi ya pili, makofi juu ya snea, haihati za kasi zaidi. Jaribu kinyume chake kwanza. Nenda kwenye baa nne za mwisho za ubeti, zima haihati yote, kisha cheza hadi kiitikio. Kama kiitikio kimepanda ghafla bila wewe kukigusa, umeshapata chanzo: ubeti ulikuwa umejaa kabla ya wakati wake.

Ubeti uliojaa unajulikana kwa alama chache. Haihati inapiga robo zote 16 za baa. Snea ina mwangwi mrefu ule ule wa kiitikio. Kiki inapiga mara tano au sita kwa baa, na tayari kuna shekere au tambourini inayojaza mianya. Kutoka hapo hakuna pa kwenda. Punguza kwa mpangilio huu: kwanza vitu vya juu (shekere, haihati za robo), halafu idadi ya kiki, na mwisho kabisa snea. Snea ikae hesabu ya 2 na ya 4 kama ndiyo uti wa wimbo wako, lakini unaweza kubadili namna inavyopigwa. Mpiga ngoma hulaza fimbo juu ya ngozi na kugonga ukingo wa chuma, na unatoka mlio mfupi mkavu kama wa ubao. Mlio huo kwenye ubeti, kisha snea kamili kwenye kiitikio, huleta mpando mkubwa bila kuongeza pigo lolote. Ni dawa ya zamani na bado inafanya kazi kwenye karibu kila aina ya muziki ninayoijua.

Mfano kamili. Kasi ni 100. Ubeti: kiki hesabu ya 1, na tena katikati ya hesabu ya 3 na ya 4, mlio wa ukingo hesabu ya 2 na ya 4, haihati iliyofungwa kila nusu ya hesabu, yaani mara 8 kwa baa. Kiitikio: kiki ile ile, ongeza moja kwenye hesabu ya 3; snea kamili hesabu ya 2 na ya 4; haihati inahama kwenda raidi, au inafunguliwa nusu. Yamebadilika mambo matatu tu, na bado msikilizaji anatambua kwamba ni mdundo ule ule umekua.

Chanzo cha pili ni nguvu ya pigo. Katika MIDI, mfumo wa kuunganisha ala za kielektroniki uliotoka mwaka 1983, kila pigo hubeba namba ya nguvu kati ya 1 na 127. Ukichora mapigo kwa kipanya, programu huyapa yote namba ile ile, na wengi huipandisha hadi karibu na 127 ili yasikike vizuri. Sasa ubeti uko juu kabisa, na kiitikio hakina hata hatua moja ya kupanda. Shusha snea ya ubeti hadi 85 au 90, haihati izunguke kati ya 50 na 75, halafu kiitikio kipewe 110 na kuendelea. Kwenye sampuli nzuri za ngoma, yaani rekodi fupi za mapigo halisi, namba hiyo haibadilishi ukubwa wa sauti peke yake. Hubadilisha hata rekodi inayochezwa, maana snea iliyopigwa kwa nguvu ina rangi tofauti na iliyoguswa taratibu. Ukisogeza kitelezi cha sauti tu, badiliko hilo la rangi unalikosa.

Chanzo cha tatu ni kukosekana kwa pumzi. Baa ya mwisho kabla ya kiitikio ikiwa imejaa kuanzia mwanzo hadi mwisho, sikio halina kituo. Futa kila kitu kwenye hesabu ya 4 ya baa hiyo, mwachie mwimbaji peke yake, kisha kiki na krashi viingie pamoja kwenye hesabu ya 1. Kama bado hakuna kitu, ongeza ukimya hadi hesabu mbili. Zaidi ya hapo wimbo huanza kusikika kama umekatika, hasa kwenye kasi ya chini ya 80, ambako hesabu mbili zinachukua zaidi ya sekunde moja na nusu.

Ukimaliza hayo yote matatu na kiitikio bado kimelala, acha ngoma. Huenda besi inapiga noti zile zile kwa urefu ule ule, au mwimbaji hakupandisha sauti. Hakuna mdundo utakaoibeba melodia isiyopanda.

Dalili: ubeti unachosha kabla ya kuisha

Umechora baa mbili, ukazinakili mara nane. Kufikia baa ya sita, sikio limeshajua kila kitu na limeacha kusikiliza. Lakini usikimbilie kubadilisha mdundo. Gusa baa ya 4 na baa ya 8 peke yake. Kwenye baa ya 4 ondoa kiki moja iliyozoeleka. Kwenye baa ya 8 fungua haihati nusu hesabu kabla ya baa inayofuata, ifungwe tena kwenye hesabu ya 1. Hayo mawili yanatosha kumwambia msikilizaji yuko wapi ndani ya ubeti.

Dawa yenye faida zaidi ni kuisoma sauti ya mwimbaji. Cheza mstari wake, tia alama pale anapokaza silabi, kisha sogeza kiki moja au mbili zikutane na silabi hizo. Usizifuate zote, ukifuata zote mdundo unakuwa mtumwa wa maneno na unapoteza mwendo wake. Mbili kwa kila mstari zinatosha kuufanya ubeti usikike umeandikwa kwa ajili ya wimbo huu na si mwingine.

Kisha kuna mapigo ya kunong'ona: snea zinazoguswa kidogo sana, nguvu kati ya 20 na 40, kwenye robo za katikati. Weka moja robo tu baada ya hesabu ya 2, na nyingine robo kabla ya hesabu ya 4. Zikisikika waziwazi kama snea, zimezidi. Unatakiwa uzikose ukizizima, usizitambue zikiwemo.

Ubeti wa pili ni suala lake. Ukiurudisha hadi kwenye utupu wa ule wa kwanza, nguvu ya kiitikio kilichotangulia inaporomoka. Ukiuacha umejaa kama kiitikio, umerudi kwenye tatizo la mwanzo. Mimi huchukua kitu kimoja cha kiitikio, mara nyingi shekere au kiki ya ziada, nikakivusha hadi ubeti wa pili; vingine vyote vinashuka.

Dalili: mpito unajikwaa

Rekodi roli na sauti ya mwimbaji, usikilize hesabu ya 4 ya baa ya mwisho. Waimbaji wengi hawaanzi kiitikio kwenye hesabu ya 1. Wanaanza kabla: silabi mbili tatu zinazotangulia na kuangukia hesabu ya 1. Roli ikiwa na mapigo mengi hapo hapo, maneno hayo yanazikwa, na msikilizaji anahisi kila kitu kimeingia kwa kuchelewa ingawa gridi, ile mistari ya hesabu kwenye programu, inaonyesha kiko sawa. Maliza roli mapema, kwenye hesabu ya 3, uache njia wazi. Hili linatibu zaidi ya nusu ya mipito mibaya ninayosikia, na linashangaza jinsi linavyotajwa mara chache.

Kama mwimbaji hana silabi za kutangulia na mpito bado unajikwaa, angalia mambo haya. Je, kiki imeondoka kabisa wakati wa roli? Wachezaji hupoteza mguu. Irudishe hata kwenye hesabu ya 1 na ya 3 chini ya tomu. Je, pigo la mwisho la roli lina nguvu kuliko pigo la kutua? Ligeuze: roli ipande kuelekea hesabu ya 1, na hesabu ya 1 iwe kubwa kuliko zote. Je, krashi imewekwa peke yake bila kiki chini yake? Krashi isiyo na kiki husikika nyembamba, inaelea juu bila mguu.

Hesabu pia viungo. Mpiga ngoma ana mikono miwili na miguu miwili. Ukiandika haihati ya fimbo, tomu na krashi kwa wakati mmoja, umeandika mkono wa tatu, na hata msikilizaji asiyejua chochote kuhusu ngoma huhisi kuna kitu hakiko sawa. Wakati wa roli ya tomu, haihati ya mkono inanyamaza. Inaweza kubaki ile ya mguu peke yake. Sheria hii haiuhusu muziki unaotaka kusikika wa mashine. Huko mikono ni mingi upendavyo.

Na urefu: roli ya hesabu mbili inatosha kwa karibu kila mpaka. Roli ya baa nzima iwekwe mara moja kwenye wimbo, nayo iwe kabla ya kiitikio cha mwisho.

Dalili: mapigo ni makavu, yanasikika kama saa ya ukutani

Watu hubonyeza kile kitufe cha kutawanya mapigo ovyo ovyo, na matokeo yake ni mpiga ngoma mlevi. Binadamu hodari hakosei kiholela. Anachelewa kwa namna ile ile kila mara, au anawahi kwa namna ile ile. Kwa hiyo chagua kitu kimoja na ukisogeze kwa kiasi kimoja: snea zote za ubeti zichelewe milisekunde 8 hadi 12, kiki ibaki kwenye gridi, na mdundo unalegea kwa kupendeza. Kwa kasi ya 120, robo moja ya hesabu ni milisekunde 125, kwa hiyo unagusa sehemu ndogo sana ya nafasi hiyo. Kwenye kiitikio rudisha snea kwenye gridi au karibu yake. Mkazo huo mdogo unasikika kama wimbo umeamka, bila kasi kubadilika.

Swingi ni jambo jingine. Hiyo huchelewesha kila robo ya pili ili robo ziende kwa jozi ndefu-fupi. Roger Linn, mbunifu wa mashine za ngoma, aliiweka kwenye mashine yake LM-1 ya mwaka 1980, na programu nyingi hadi leo huipima kwa asilimia: 50 ni mapigo yaliyonyooka, na karibu 66 ni mgawanyo wa tatu kamili. Kosa linalofanyika sana ni kuweka swingi kwenye haihati peke yake, huku roli na kiki za robo zikibaki zimenyooka. Ubeti unatembea vizuri, ikifika roli mwendo unavunjika. Swingi iwekwe kwenye ngoma zote, na besi pia kama inapiga robo. Baina ya 54 na 58 panatosha kwa nyimbo nyingi.

Dalili: kasi inaonekana imebadilika, na hujaigusa

Angalia snea. Sikio hupima mwendo kwa umbali kati ya snea na snea kuliko namba iliyoandikwa juu ya programu. Snea ikitoka kwenye hesabu ya 2 na ya 4 ikabaki kwenye ya 3 peke yake, wimbo unahisiwa umepungua mwendo kwa nusu. Ikiwekwa katikati ya kila hesabu na inayofuata, unahisiwa umeongezeka mara mbili. Njia zote mbili ni nzuri sana kwa daraja la wimbo, ile sehemu tofauti inayokuja kabla ya kiitikio cha mwisho, na ile ya nusu ni nzuri hata kwa kiitikio kizito. Shida ni pale kila kitu kinapobadilika pamoja na snea. Acha haihati iendelee na mgawanyo ule ule uliokuwa nao, iwe ndiyo kamba inayomshika msikilizaji wakati ardhi inahama.

Kwenye nyimbo za hesabu sita, ambazo snea hukaa ya 4, kosa hili hutokea kwa urahisi zaidi: mtu anahamisha kiki hadi hesabu ya 1, ya 3 na ya 5, na ghafla mdundo unasikika wa tatu badala ya wa mbili. Kama hukukusudia hivyo, rudisha kiki ya 1, ongeza nyingine kwenye ya 6, na uache ya 3 na ya 5 kwa haihati.

Dalili: kiki inapotea kiitikio kinapoanza

Ngoma zikiwa peke yake kiki ipo. Ala zikiingia haipo. Besi ya kiitikio inashika noti ndefu na kuifunika. Fupisha noti za besi ziishe kabla kiki haijapiga, au fupisha mkia wa kiki yenyewe. Kompresa, kifaa cha kupunguza sauti inapozidi, ikiibana besi kila kiki inapopiga ni njia ya tatu, lakini ijaribiwe baada ya hizo mbili. Kama umeweka kiki mbili juu ya moja ili kuongeza uzito na uzito umepungua, mawimbi yao yanafutana: geuza mkao wa wimbi la moja, au isogeze kidogo sana, au ondoa moja. Mara nyingi ni kuondoa.

Haihati iliyo wazi ikiendelea kulia juu ya iliyofungwa, ziweke kwenye kundi moja la kukatana, ambamo pigo moja hulizima lingine, ndani ya sampula, yaani programu inayocheza sampuli. Kwenye toazi halisi haiwezekani liwe wazi na limefungwa kwa pamoja.

Dalili: daraja linasikika kama wimbo mwingine

Umepata wazo zuri la tomu, ukaliweka, na sasa hakuna kilichobaki cha wimbo wa mwanzo. Chagua kitu kimoja tu kivuke mpaka: ile kiki ya katikati ya hesabu ya 3 na ya 4, au ule mlio wa ukingo, au hata mwangwi wa snea. Kilichobaki badilisha utakavyo. Kama bado linatengana, pengine daraja halihitaji mdundo kabisa. Toa ngoma zote kwa baa nne, rudisha haihati ya mguu kwa baa mbili, halafu kiki, na kiitikio cha mwisho kitakuwa kimepata nafasi yake.

Dalili: wimbo unaisha kama umeme umekatika

Mara nyingi umeme haukukatika. Faili ndiyo imekatika. Pigo la mwisho liko hesabu ya 1, krashi inahitaji sekunde kadhaa kulia hadi iishe, na alama ya mwisho ya kutoa wimbo imewekwa mwishoni mwa baa. Kwa kasi ya 120 umeipa sekunde 2. Sogeza alama hiyo baa tatu au nne mbele, shusha nguvu ya krashi kidogo chini ya ile ya kiitikio, na hakikisha kiki ya mwisho na noti ya mwisho ya besi zinaanza pamoja na kuisha pamoja.